Tope la Matumbulu na umeme wa Mtera: Tanzania na Uswidi zimejenga nini hapa kwetu Dodoma

Uhusiano wa Tanzania na Uswidi husimuliwa zaidi kwa hotuba za mabalozi na mafungu ya misaada. Humu nitausimulia kwa kuanzia kwenye tope la mabwawa ya Dodoma, kwa sababu huko ndiko kuna ushahidi unaoweza kupimwa, na kwa sababu vijana wengi wanaosoma mazingira, maji na kilimo hapa mkoani wanamaliza chuo bila kujua kwamba mabwawa wanayopita kila siku ni miongoni mwa mabwawa yaliyopimwa mapema na kwa makini zaidi Afrika Mashariki.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa jiografia wa Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala waliungana kupima mmomonyoko wa udongo Tanzania. Kutoka Uswidi alikuja Anders Rapp. Upande wa Dar es Salaam walikuwapo Len Berry na Paul Temple, na kwa kazi za Dodoma waliongezeka Hammond Murray-Rust na Carl Christiansson. Walichagua mabwawa kwa sababu bwawa hunasa udongo unaoteremka. Ukijua ukubwa wa kidakio, yaani eneo lote ambalo maji yake ya mvua huteremkia bwawani, mwaka bwawa lilipojengwa na ujazo wa tope lililolala chini, umepata wastani wa miaka mingi bila kusimama mtoni na chupa kila mvua inaponyesha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972 katika jarida la Kiswidi, Geografiska Annaler.

Matumbulu, kusini mwa mji, ilitoa mita za ujazo 729 za tope kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Imagi ilitoa 601. Msalato, ambayo kwenye maandiko ya wakati ule inaandikwa Msalatu, ilitoa 406. Ikowa, ambayo kidakio chake ni kikubwa mno, ilitoa 195. Kwa kulinganisha, Kisongo karibu na Arusha ilikuwa 481.

Ukiisoma 729 haraka huoni chochote. Basi tuipige hesabu. Mita moja ya ujazo kwa kilomita ya mraba ni sawa na kuondoa sehemu moja ya elfu ya milimita juu ya ardhi yote. Kwa hiyo 729 ni milimita 0.73 kwa mwaka, kila mwaka, kote. Kidakio cha Matumbulu ni kama kilomita za mraba 18, maana yake ni takribani mita za ujazo 13,000 za tope kuingia bwawani kila mwaka. Tipa inayobeba mita za ujazo saba ingehitaji safari zaidi ya 1,800 kulitoa tope la mwaka mmoja tu. Anayesema "tutachimbua tope bwawa likijaa" apewe hesabu hii kwanza, kabla ya kuandika bajeti.

Kwa nini Ikowa ina namba ndogo kuliko Matumbulu wakati wote ni udongo uleule wa Dodoma? Hili huwachanganya wengi. Kidakio kidogo chenye mteremko mkali hupeleka udongo moja kwa moja bwawani. Kidakio kikubwa kina mbuga, mabonde mapana na mito ya mchanga, na udongo mwingi hutua njiani. Ikowa haina ardhi iliyo salama zaidi. Udongo wake umelala mahali pengine, ukisubiri mafuriko yajayo. Ukichukua namba ya bwawa kubwa ukaitumia kusanifu lambo dogo la kijiji, lambo litajaa miaka mingi kabla ya ulivyotarajia.

Watafiti wale hawakuanzia sifuri. Mpwapwa kulikuwa na viwanja vya majaribio tangu miaka ya 1930, enzi za Mwingereza, na namba zake bado zinashtua. Kiwanja kilichoachwa kitupu bila mmea kilipoteza nusu ya maji yote ya mvua na tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Kilicholimwa uwele kwa njia ya kawaida kilipoteza robo ya maji na tani 78. Chenye nyasi kilipoteza asilimia 1.9 ya maji, na udongo haukutoka hata wa kupimika. Mteremko uleule, mvua ileile. Ukiishi Dodoma, ambako tunapata milimita 570 hivi kwa mwaka katika msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili, kupoteza nusu ya maji juu ya ardhi ni ukame ambao mvua zenyewe hazikuuleta. Mtama unanyauka Machi ilhali maji yaliyotosha kuukomaza yalishapita shambani Januari yakaenda zake.

Namba hizo ndizo zinazofanya mradi wa HADO ueleweke. Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 kwa fedha za shirika la misaada la Uswidi, SIDA, na eneo lililojulikana zaidi ni lile lililoharibika la Kondoa, vilima vya Irangi, lenye kilomita za mraba 1,256. Waliokulia Kolo na Haubi wanayajua makorongo yake: mtu na ng'ombe wanapotea ndani, ukutani mizizi inaning'inia hewani.

Miaka ya kwanza mradi ulifanya kile ambacho miradi mingi hufanya. Ulileta matingatinga, ukachonga makinga maji ya kontua, yaani matuta yanayofuata usawa wa ardhi kukata mteremko, na kupanda miti. Kazi hiyo haikushika. Mifugo ilikuwa bado inachunga juu ya matuta mapya, kwato zinabomoa kingo, miche inaliwa, na kinga maji likishabomoka mahali pamoja hukusanya maji ya shamba zima na kuyapeleka kwenye tundu moja. Hapo linachimba korongo jipya, pengine baya kuliko lililokuwapo. Hii ndiyo sababu mwaka 1979 serikali iliamua kuondoa mifugo yote katika eneo lile, zaidi ya vichwa 80,000. Mvumi nako mifugo iliondolewa mwaka 1986.

Kwa ardhi, matokeo yalikuwa ya haraka. Nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miombo. Makorongo yalitulia kuta zake, na watu walianza kulima kwenye mchanga uliotua mabondeni, ambao hapo awali ulikuwa ukizikwa kila mwaka na mchanga mpya. Kwa watu, hesabu ilikuwa tofauti, na mtu yeyote anayeisifu HADO bila kuisema hii anapunja ukweli. Ng'ombe hawakuyeyuka. Walihamishiwa kwa ndugu na marafiki kwenye maeneo ya jirani, na mzigo wa malisho ukahama nao. Watoto walikosa maziwa. Mashamba yalikosa samadi. Ilichukua takribani miaka kumi hadi ufugaji wa ndani ulipoanzishwa kwa ng'ombe wa maziwa wanaokatiwa majani, na hapo ndipo familia nyingi zilipoona faida ya kuwa na kinga maji lililopandwa mabingobingo, majani marefu ya kulishia mifugo.

Ng'ombe mmoja wa maziwa wa kilo 350 anataka kama kilo 35 za majani mabichi kwa siku, na maji lita 40 hadi 60. Msimu wa kiangazi Kondoa ni miezi saba. Familia isiyokuwa na hifadhi ya majani makavu, mabua na makapi ya alizeti, Septemba itamfungulia ng'ombe usiku. Sheria ndogo ya kijiji haiwezi kushinda njaa ya mnyama uliyemnunua kwa mkopo. Msaada wa Uswidi kwa HADO ulipokoma mwaka 1996, vijiji vilivyokuwa vimeshapanga lishe viliendelea na ufugaji wa ndani. Ambako lishe haikupangwa, uchungaji ulirudi kidogokidogo.

Sehemu ya sayansi nayo haikukoma mradi ulipokoma. Watafiti wa Stockholm na wa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walirudi Irangi miaka ya 1990, safari hii wakiuliza maswali ambayo HADO ilikuwa imeyaruka. Walipima umri wa udongo uliolundikana chini ya vilima kwa kutumia mwanga unaohifadhiwa ndani ya chembe za madini: chembe ikizikwa gizani huanza kukusanya nishati, na maabara inaweza kusoma imekaa gizani muda gani. Baadhi ya tabaka zilikuwa na umri wa maelfu ya miaka. Yaani vilima vya Irangi vilikuwa vikimomonyoka kwa vipindi muda mrefu kabla ya reli, kabla ya kodi ya kichwa, na kabla ya mfugaji aliyelaumiwa mwaka 1979. Mifugo na kilimo viliongeza kasi, hilo halina ubishi, lakini hadithi ya kwamba Warangi, wenyeji wa vilima hivyo, waliharibu ardhi ambayo zamani ilikuwa nzima haikusimama mbele ya vipimo. Nauheshimu sana utafiti unaofanya hivyo: unaolipiwa na nchi ileile iliyolipia mradi, kisha unasema wazi kwamba msingi wa mradi ulikuwa umekosea nusu.

Nje ya Kondoa, somo la HADO lilizaa kitu kilichodumu zaidi kuliko matuta. Kwenye wilaya za Babati, Kiteto na Singida, mpango wa usimamizi wa ardhi uliofadhiliwa na Uswidi miaka ya 1990 ulikutana na msitu wa Duru-Haitemba, takribani hekta 9,000 za miombo, ambao serikali ilikuwa inataka kuutangaza kuwa hifadhi yake. Vijiji vinane vilikuwa vinauzunguka. Badala ya kuwaondoa watu kama ilivyofanyika kwa ng'ombe wa Kondoa, kila kijiji kilikabidhiwa sehemu yake, kikaweka mipaka, kamati, sheria ndogo na doria. Mgori, Singida, ukafuata. Kiteto ukaja SULEDO, msitu wa Sunya, Lengatei na Dongo, ambao mwaka 2002 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Utaratibu huo ukaingia kwenye Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu Namba 14 ya 2002. Leo kijiji chochote Tanzania kinachotangaza msitu wa hifadhi wa kijiji kinapita njia iliyokanyagwa kwanza kule: mkutano mkuu wa kijiji unakubali, kamati ya maliasili inachaguliwa, mipaka inatembelewa pamoja na majirani, miti inahesabiwa kwenye sampuli, mpango wa usimamizi na sheria ndogo vinaandikwa, mkutano mkuu unapitisha, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Hatua inayokwamisha wengi ni ya mipaka. Kijiji kikitembea mpaka bila wazee wa kijiji jirani, kesi itakuja, na itakuja mkaa ukishapanda bei.

Sasa Mtera, ambako fedha zinaonekana waziwazi. Uswidi, pamoja na Benki ya Dunia, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya umeme wa Mto Ruaha Mkuu. Kituo cha Kidatu, kilicho chini zaidi mtoni, kilianza mwaka 1975 kwa mitambo miwili, mwaka 1980 kikaongezwa miwili, jumla megawati 204. Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilijengwa kwanza kama bwawa la akiba la Kidatu, likakamilika mwaka 1980. Mitambo yake miwili ya megawati 40 kila mmoja ikaja mwaka 1988, safari hii na wafadhili wengine zaidi.

Ukisikia taarifa za kina cha Mtera redioni, namba mbili ndizo za kukumbuka. Mita 698.5 juu ya usawa wa bahari ni bwawa kujaa. Mita 690 ni kiwango cha chini cha kuzalisha. Kati yake kuna mita nane na nusu tu, zikibeba zaidi ya mita za ujazo bilioni tatu, kwa sababu bwawa ni pana na si refu kwenda chini. Upana huo una gharama. Katika jua la Mtera, zaidi ya mita moja na nusu ya maji hupaa hewani kwa mwaka. Bwawa likiachwa likae limejaa muda mrefu bila sababu, linalisha mawingu; likifunguliwa ovyo, Kidatu inakauka Oktoba. Ndiyo maana kanuni ya uendeshaji ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: mito inayoingia kati ya Mtera na Kidatu, kama Lukosi, haina bwawa la kuizuia, kwa hiyo masika Kidatu itumie maji hayo kwanza na lango la Mtera lifungwe kadiri inavyowezekana. Watafiti wa maji waliochambua mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 walionyesha kwamba ukame haukuwa peke yake. Maji yaliyoachiwa Mtera wakati ambao hayakuhitajika nayo yalichangia.

Tangu mwaka 2024 maji hayohayo yana kazi ya tatu. Ruaha Mkuu huingia Rufiji juu ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115. Tone linaloingia Mtera kutoka mto Kisigo linaweza kuzungusha mitambo ya vituo vitatu kabla ya kufika baharini. Na tope linaloingia Mtera linabaki Mtera, likila ujazo wa akiba mwaka hadi mwaka. Hapa sayansi ya udongo na biashara ya umeme ni kitu kimoja, na ningetamani kila mpango wa nishati uandikwe na mtu wa udongo akiwa mezani.

Kuhusu watu nitasema machache, ingawa nadhani ndicho kiungo kikubwa. Uswidi ilianzisha SAREC, shirika la ushirikiano wa utafiti, mwaka 1975, na mwaka 1995 likaunganishwa ndani ya Sida mpya. Njia yake ya kusomesha ilikuwa ya nusu huku nusu kule. Mwanafunzi wa uzamivu anasajiliwa Uswidi au Dar es Salaam, ana wasimamizi pande zote mbili, anakaa miezi kadhaa Stockholm, Uppsala au Lund kwa kozi na maabara, kisha anarudi kukusanya takwimu nyumbani. Njia hii ni ndefu na inachosha familia, lakini wengi hurudi kazini kwao, kwa sababu hawakuwahi kuondoka moja kwa moja. Kasoro yake ni vifaa. Kifaa kikiharibika Dar es Salaam mwezi wa tano wa kazi ya uwandani na kipuri kiko Ulaya, mwaka wa kilimo umepita. Wanaopanga sasa waweke kwenye bajeti ya kwanza vipuri, dawa za maabara na fundi, hata ikibidi kupunguza tiketi za ndege. Na mwaka huohuo wa 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoiga shule za wananchi za Uswidi. Munguri kule Kondoa na Chisalu kule Mpwapwa ni matunda ya mpango huo, na bado vinafundisha useremala, ushonaji, umeme na kilimo.

Biashara imekuwa na njia yake. Malori ya Scania yaliunganishwa Kibaha katika kiwanda cha TAMCO, na Scania bado ni sura ya kawaida kwenye barabara ya Dodoma hadi Morogoro. Kampuni ya Millicom, yenye mizizi Uswidi, ilileta Mobitel mwaka 1994, ikaja kuwa Tigo, ikauzwa mwaka 2022. Migodi inatumia mashine za kuchoronga za Kiswidi. Lakini mradi mkubwa wa miwa wa wawekezaji wa Kiswidi Bagamoyo ulivunjika, hati ya ardhi ikafutwa mwaka 2016, shauri likaenda usuluhishi wa kimataifa, na Tanzania ikaamriwa kulipa. Nikiweka mambo haya pamoja naona kwamba palipokuwa na vipimo vya pamoja na watu waliosoma pamoja, ugomvi ulitatuliwa mezani. Palipokuwa na mkataba na ramani tu, ulitatuliwa na mawakili.

Basi turudi kwenye tope, maana kazi ya 1972 inaweza kurudiwa na kijiji chochote chenye lambo, na vifaa si vya kutisha.

Pima mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba mapema, bwawa likiwa limekauka au limebaki kidimbwi. Kwanza weka alama ya kudumu: nguzo fupi ya zege yenye kipande cha nondo kilichochomoza, ichimbiwe kwenye ardhi asilia pembeni, kamwe isiwekwe juu ya tuta la bwawa, kwa sababu tuta hutitia. Pima kwa leveli, kifaa cha wapima ardhi cha kusoma usawa, tofauti ya kimo kati ya nondo hiyo na kizingiti cha utoro wa maji, yaani ukingo ambao maji ya ziada hupita kutoka bwawani, uandike. Vipimo vyote vya miaka ijayo vitarejea hapo.

Gawa sakafu ya bwawa kwa miraba ya mita 20 kwa 20. Kwenye kila makutano chimba shimo hadi ukute ardhi ya zamani. Utaitambua: rangi inabadilika ghafla, unakuta mizizi mikavu ya nyasi, kokoto, au udongo mgumu usiokatika kwa tabaka. Tope lenyewe lina mistari. Kila gharika huacha mchanga chini na mfinyanzi laini juu. Hesabu ya mistari hukusaidia kujua kama bwawa limejazwa na mafuriko machache makubwa au na mvua za kila mwaka. Pima kina cha tope sentimita kwa sentimita. Kama kuna maji, tumia kamba yenye alama na uzito wenye sahani pana ya kama sentimita 15 chini yake. Jiwe tupu litazama ndani ya tope na kukupa kina cha uongo.

Tuseme una makutano 60 na wastani wa kina ni mita 0.45. Kila mraba ni mita za mraba 400, kwa hiyo tope ni 400 mara 60 mara 0.45, sawa na mita za ujazo 10,800. Bwawa lina miaka 12, kidakio kilomita za mraba 5. Gawanya: 180 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Ukitaka tani, chukua silinda ya chuma ya sentimita za ujazo 100, ibane ndani ya tope bila kulikandamiza, kausha kwenye tanuri nyuzi 105 kwa saa 24, pima uzito. Tope la huku mara nyingi huwa kati ya tani 1.2 na 1.4 kwa mita ya ujazo, lakini pima lako.

Yanayoharibu kazi hii ni haya. Bwawa lilishawahi kuchimbuliwa tope na hakuna aliyeandika. Uliza wazee na mwenyekiti wa zamani wa kamati ya maji kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Kizingiti cha utoro kiliinuliwa kwa mifuko ya mchanga au zege, na kina kikabadilika. Sehemu ya mfinyanzi ilipita utoroni na maji ya mafuriko, kwa hiyo namba yako ni ya chini kuliko ukweli. Na tope lililochimbuliwa lilimwagwa upande wa juu wa bwawa, likarudi ndani mvua ya kwanza. Hilo la mwisho linafanyika kila mahali na linaniuma, kwa sababu tope lile ni rutuba. Lingebebwa na mikokoteni hadi mashamba ya chini ya bwawa.

Ukipata namba, panda juu kwenye kidakio. Nafasi ya makinga maji hupatikana kwa kanuni inayotumika Afrika Mashariki: gawa asilimia ya mteremko kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3, unapata tofauti ya kimo kwa mita kati ya kinga na kinga. Mteremko wa asilimia 8 unatoa mita 1.2, yaani umbali wa mita 15 kutoka kinga hadi kinga. Asilimia 4 unatoa mita 0.9, yaani mita 22.5. Mtaro wa fanya juu ni sentimita 60 upana na 60 kina, udongo unatupwa upande wa juu. Mstari uchorwe kwa fremu ya A yenye miguu ya mita mbili na timazi. Igeuze miguu kwenye vigingi vilevile viwili, weka alama ya kamba mara mbili, katikati yake ndiyo usawa. Kwa mvua zetu ndogo kinga liwe sawa kabisa na miisho ifungwe ili maji yazame. Kagua baada ya kila mvua kubwa ya Desemba na Januari: tundu la panya, njia ya ng'ombe, sehemu iliyotitia. Ziba siku hiyohiyo. Sehemu moja ikipasuka, maji yake hupasua kinga la chini, nalo hupasua linalofuata.

Nakala za vipimo zisibaki kijijini peke yake. Mkoa wetu umegawanyika katika mabonde matatu ya maji: mto Bubu wa Kondoa uko chini ya Bodi ya Bonde la Kati, Singida; Mpwapwa, Kongwa na Ikowa wako Wami/Ruvu, Morogoro; Mtera na Kisigo wako Rufiji, Iringa. Peleka nakala kwenye bodi husika, nyingine kwa afisa maji wa wilaya, ukiandika tarehe, jina la bwawa, kimo cha kizingiti ukilinganisha na nondo yako, na mchoro wa mahali nguzo ya zege ilipo, ili atakayekuja kupima baada ya miaka kumi aanzie palepale.